Nilimwombea Mama Njia Nzima

Kwetu kifo hakipigiwi simu. Huletwa kwa miguu. Wazee wawili watatu huja mlangoni, huomba maji ya kunywa hata kama hawana kiu, huuliza kama umekula, huzungumzia mvua, na mtu mwenye akili huanza kulia hapo hapo kwenye maneno ya mvua kabla hawajafika kwenye jina. Ndivyo ilivyokuwa kule milimani Kivu ya Kusini alikotoka mama, na ndivyo ilivyokuwa kambini Kigoma nilikosomea Kiswahili cha vitabu. Marekani imetuharibia. Mimi naishi Buffalo, dada yangu mkubwa alibaki Louisville na mama, na kaka yetu yuko katikati, Reynoldsburg, pembeni ya Columbus. Hakuna mzee atakayetembea kutoka Louisville kuja kuniomba maji. Kwa hiyo watu wetu wametafuta njia nyingine. Wanakupigia simu wanasema mtu wako amezidiwa, njoo upesi. Ukishafika na kukalishwa kwenye kiti, ndipo unaambiwa.

Waswahili husema mficha maradhi kilio kitamfichua. Sisi tumewapita: tunaficha kilio, tunaonyesha maradhi.

Desturi hiyo naijua kama ninavyojua kupika sombe, kisamvu chetu. Nimeiona ikifanyiwa majirani. Kwa nini basi haikunipitia akilini siku dada aliponipigia? Nadhani kila mtu huamini kwamba desturi za msiba ziliwekwa kwa ajili ya wengine.

Msimu ule nilikuwa mwanafunzi. Kazi yangu ni kuwatunza wazee katika nyumba moja ya wazee Kenmore: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Nilitaka kusonga mbele niwe muuguzi, na chuo kikaniambia lazima nipite kwanza somo moja la fasihi ya Kiingereza. Lililoangukia siku zangu za kupumzika lilikuwa moja tu, nalo lilihusu mashairi ya Kikristo ya msiba, ya Waingereza wa miaka kama mia nne iliyopita. Nilicheka, nikasema hilo nitalipita nikiwa nimelala. Msiba naujua, Ukristo naujua, na katika ukoo wetu mimi ndiye mwombaji. Kila familia yetu ina mtu wa namna hiyo. Mtoto akipata homa, mtu akiitwa kwenye usaili wa uraia, mimba ikisumbua, mimi ndiye ninayepigiwa simu niombe. Mama ndiye aliyenipa kazi hiyo nikiwa msichana. Alisema dada ana mikono, kaka ana miguu, na huyu wa mwisho Mungu alimpa mdomo, basi autumie mahali pazuri.

Mwalimu wetu alikuwa mama mwembamba mwenye mvi, aliyetuambia siku ya kwanza, bila kuona haya, kwamba yeye hamwamini Mungu. Lakini akiyasoma yale mashairi sauti ilimtetemeka. Tulikuwa jozi ya ajabu, mimi na yeye: mimi naamini maneno nisiyoyaelewa, yeye anaelewa maneno asiyoyaamini.

Washairi wenyewe wengi walikuwa wachungaji, na wale ambao hawakuwa wachungaji waliishi na Biblia mkononi. Walizika watoto wachanga, walizika wake zao, tauni ikipita mitaani, kisha wakakaa chini wakaandika. Wala hawakuandika kwa upole. Walimuuliza Mungu maswali ambayo ukiyauliza kanisani kwetu utawekewa mikono kichwani ukemewe pepo. Nilishtuka, halafu nikafurahi, kama mtu anayesikia jirani akigombana na mume wake na kugundua si yeye peke yake. Kiingereza chao kilinitesa, lakini umbo lake nililitambua. Mwalimu wangu wa Kigoma alitufundisha vina na mizani, akatufundisha na kituo, yaani ule mstari wa mwisho ambapo shairi linatua mzigo wake. Nikaona nao wana kituo, na vituo vyao karibu vyote vinafanana. Mtu anagomba ubeti baada ya ubeti, anamdai Mungu majibu, halafu kwenye kituo anapiga magoti na kusema sawa, Bwana, mapenzi yako.

Wakati ule nilivipenda vituo hivyo. Niliona ndio ukomavu wa imani. Hata ushuhuda wetu wa kanisani una sheria hiyo hiyo. Unaweza kueleza vita, njaa, kambi na kila kilichokupata, mradi mwishoni useme Mungu ni mwema, na kanisa lote likuitikie "kila wakati". Ushuhuda usiotua hapo haujaisha, na watu watakukodolea macho mpaka utue.

Dada alipiga simu asubuhi, nikiwa navaa viatu vya kazi.

"Mama anazidiwa," alisema. "Ukuje."

Nyuma yake nilisikia sauti za watu wengi. Nilidhani ni hospitali. Mama alikuwa na presha na sukari, alishalazwa mara nyingi na kila mara alirudi nyumbani akilalamikia chakula chao kisicho na chumvi. Nilipiga simu kazini, nikapita shuleni kumtoa binti yangu. Ana miaka kumi na mitano, ni mtoto wangu wa pekee, na bibi yake ndiye aliyemlea mpaka tulipohamia Buffalo. Tulitoka Riverside, mtaani kwetu, bila hata kuzima redio ya jikoni, tukashika njia inayofuata ziwa.

Nilianza kuomba kabla hatujatoka jimbo la New York. Niliomba kwa sauti, mikono ikiwa kwenye usukani, jinsi mama alivyonifundisha, yaani kumkumbusha Mungu mambo. Nilimkumbusha jinsi mama alivyotushusha milimani usiku wa vita, kaka akiwa mgongoni na mimi tumboni. Nilimkumbusha kwamba mama hakuwahi kukosa ibada ya asubuhi hata kambini, hata akiwa na malaria. Binti yangu alikuwa anachungulia simu. Nilimkaripia aiweke, bibi yake anaumwa yeye anachati. Aliigeuza simu kifudifudi kwenye paja, akatazama dirishani. Tangu hapo kila nilipotua aliitikia amina, kwa sauti ndogo.

Tulipoipita Cleveland niliweka nadhiri. Nilimwambia Mungu kwamba akimponya mama nitaacha chuo, nitaacha kazi, nitarudi Louisville kumuogesha na kumlisha kwa mikono hii ambayo kutwa inaogesha mama za watu wengine. Sikuwahi kumpa Mungu ahadi nzito kama hiyo. Nilisikia amani imeshuka ndani ya gari. Naitaja amani hiyo kwa sababu ndiyo inayoniuma kuliko yote. Nilikuwa napatana bei na mwenye duka ambaye bidhaa ilikwisha kutoka, naye aliniacha niendelee kupandisha.

Kaka alitupokea mlangoni Reynoldsburg. Yeye ni shemasi, na anafanya kazi kwenye ghala. Siku ya kazi, mchana, alikuwa nyumbani amevaa shati jeupe. Mke wake alikuwa amepika masufuria makubwa ya fufu ya muhogo, sombe na samaki, chakula cha watu ishirini. Hilo nalo lilinipita. Nilitaka tuendelee na safari, kaka akakataa, akasema tule kwanza, kisha yeye ataendesha gari langu mpaka Louisville. Tulipomaliza alitusimamisha tukashikana mikono.

"Baba, umpumzishe mama yetu," aliomba. "Umshike mkono wake. Na sisi utupatie nguvu."

"Mponye, Bwana," mimi nikadakia. "Mponye, mponye."

Kaka alinyamaza kidogo. Halafu akasema Mungu ndiye anayejua, akafunga maombi.

Kutoka Columbus mpaka Louisville yeye ndiye aliyeshika usukani. Nilikaa pembeni yake nikaomba mpaka sauti ikakauka. Hakuniambia nipumzike, wala hakuniambia lolote. Mara moja tu, Cincinnati, tulipokuwa tunavuka mto, alinipa chupa ya maji.

Tulifika jua likishuka. Kwenye uwanja wa magari wa nyumba ya dada nikaona wanaume wamesimama vikundi vikundi na makoti yao, na vile viti vyeupe vya plastiki vya kanisani. Mlango wa dada ulikuwa wazi, na baridi ile. Mama mmoja wa kanisa alikuja akanipokea mkoba wangu kabla sijafungua mdomo. Hapo nilijua. Walinikalisha, wakanipa maji, mchungaji akaanza kusema sisi sote ni wapita njia. Nilimkatiza nikamuuliza dada ni saa ngapi.

"Alfajiri," dada akasema. "Mbele hatujakuita."

Mama alikufa kabla simu yangu haijalia. Yale maombi yote, ya ziwani, ya Cleveland, ya Cincinnati, niliyafanya juu ya maiti. Nilimwomba Mungu asifanye jambo alilokwisha kulifanya, naye alikaa kimya akanisikiliza. Watu walinibembeleza. Walisema sisi tulimpenda lakini Mungu amempenda zaidi. Maneno hayo nimewahi kuyasikia kwenye misiba mingi, na siku ile ndiyo mara ya kwanza yalinitia hasira. Anayempenda mama yako zaidi yako hukuchekea safari nzima?

Tulizika Louisville. Nilirudi Buffalo na nikagundua siwezi kuomba. Si kwamba nilikataa. Nilikuwa nafunga macho, naanza Baba, na hapo hapo nasikia sauti yangu mwenyewe ndani ya gari, ikiahidi, ikibembeleza, na aibu inanipanda mpaka masikioni. Aibu ya mtu aliyecheza ngoma huku wenzake wanajua ngoma ilishakwisha. Watu waliendelea kunipigia niwaombee. Niliwaambia nina mafua. Kumbe mdomo alionipa mama ulikuwa umezikwa naye, na niliogopa kwamba hautarudi tena.

Chuoni tulikuwa bado kwenye mashairi yale yale. Siku moja tulisoma la baba aliyempoteza mwanawe, shairi kali, na mwishoni likapiga magoti kama kawaida. Mwalimu akauliza kituo kinasema nini. Kijana mmoja akajibu kwamba mshairi amepata amani. Mimi ambaye darasani huwa sifungui mdomo nilijikuta nimesema hakupata amani, alipata mwisho wa karatasi. Alikuwa mchungaji, nikasema, waumini wake wangesoma, angeachaje kusema Mungu ni mwema? Ni ushuhuda ule. Wanamkodolea macho mpaka atue. Mwalimu akasema huenda ni kweli kwa wengine, lakini wako waliomaanisha walichoandika, na kwamba njia ya kuwajua ni kutazama vitenzi. Tazama nani anafanya nini, akasema. Mtu anaweza kudanganya kwa majina na sifa, lakini akiwa mbele ya yule anayemwogopa, kitenzi chake humponyoka.

Sikuyachukulia kwa uzito. Ila siku kadhaa baadaye nilikuwa Kenmore namgeuza bibi mmoja kitandani, akanishukuru, akasema sasa nitapumzika. Mikono yangu ilisimama. Nilimsikia kaka, pale sebuleni kwake, akisema umpumzishe. Nikayarudia maombi yake neno kwa neno. Umpumzishe. Umshike mkono. Utupatie nguvu. Hakusema mponye hata mara moja. Mimi ndiye niliyesema mponye, naye akanyamaza, akasema Mungu anajua.

Kumbe kaka hakumdanganya Mungu. Alikuwa na mama aliyekufa, na mdogo wake aliyeshikana naye mkono akiamini mama yu hai, akachagua maneno kwa uangalifu mkubwa ili asiseme uongo mbele za Mungu. Mimi alinidanganya bila taabu. Mungu alipewa heshima ya ukweli, mimi nikapewa fufu na samaki. Nilimaliza kumgeuza yule bibi, nikaenda chooni nikalia kwa hasira. Tangu siku hiyo sikupokea simu ya kaka.

Majira ya baridi yalipokwisha ukoo ukapanga siku ya kumaliza kilio. Ndiyo desturi yetu: msiba lazima ufungwe. Watu wanakula, wanaimba, familia inasimama mbele inashukuru, na mtu mmoja wa nyumba ile anafunga kwa maombi. Baada ya hapo hakuna ruhusa ya kulia mbele za watu. Walichagua kwa kaka, Reynoldsburg, kwa sababu ndiko katikati. Dada alinipigia akaniambia bila kuniuliza kwamba mimi ndiye nitakayefunga. Mama angetaka hivyo, alisema. Nilienda nikiwa nimeamua kukataa.

Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi. Kaka alinivuta jikoni ili tupange utaratibu, na binti yangu alikuwa pale anapanga sahani. Nilimwambia kaka kwamba mimi siombi, aombe yeye anayejua kuchagua maneno. Alijifanya haelewi. Nikamweleza. Nilimtajia vitenzi vyake kimoja kimoja.

"Kumudanganya Mungu uliogopa," nikamwambia, kwa Kiswahili cha nyumbani. "Mimi haukuniogopa."

Kaka alikaa kwenye kiti. Alisema walichofanya ni kunilinda. Mtu hawezi kuambiwa msiba akiwa anaendesha, na mtoto ndani ya gari.

"Kutoka hapa ni nani aliendesha?"

Kaka yangu ni mtu wa maneno mengi, lakini aliifuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Bon, nilishindwa," akasema mwisho, akichanganya na Kifaransa. "Nilikuwa nakuangalia vile unaomba, nikashindwa. Donc usikasirikie mimi tu. Hata huyu mtoto wako alikuwa anajua. Watoto ya dada walimuandikia mbele hamujafika Cleveland."

Nilimgeukia binti yangu. Alikuwa ameshika sahani kifuani. Nilikumbuka simu ile iliyogeuzwa kifudifudi, na amina zile ndogo. Dada nilimtegemea kama dada, kaka kama kaka, lakini mtoto huyu nilimzaa, na alikaa ubavuni mwangu akiitikia amina kwa kila uongo niliokuwa najidanganya nao. Nilimuuliza kama ni kweli. Akatikisa kichwa kukubali. Nikamuuliza kwa nini. Huyu mtoto hunijibu kwa Kiingereza hata nikimuuliza kama ameoga, na sasa alijibu kwa Kiswahili, akitafuta maneno.

"Wakati ulikuwa unaomba, bibi alikuwa bado mzima," alisema. "Sikutaka nikuwe mimi mwenye kumuua."

Sebuleni walikwisha kumaliza wimbo. Dada akaja mlangoni kuniita, akatuona tulivyo, akasema watu wananingoja. Sikuwa na nguvu ya kumwambia nimekataa. Niliichukua sahani mikononi mwa mtoto, nikaiweka mezani, nikamshika mkono tukaingia wote.

Familia ilikuwa imesimama mbele. Mchungaji aliyetoka Louisville alinikaribisha kwa maneno matamu, akasema dada yetu atatufungia kilio hiki, tumshukuru Mungu kwa maisha ya mama. Watu wakainamisha vichwa. Nilifumba macho, na aibu ikaja kama ilivyozoea kuja, lakini safari hii nilikuwa na mkono wa mtoto ndani ya mkono wangu, wa jasho, na sikuweza kuondoka.

"Mungu," nikasema, "kaka yangu alinidanganya kwa sababu alishindwa kusema. Mtoto wangu alinidanganya kwa sababu alitaka tufike Louisville bibi yake akiwa bado mzima. Wote wamenipa sababu zao. Wewe ulikuwa na sababu gani?"

Nilisikia mtu akikohoa. Nilisikia kaka akivuta pumzi. Vichwa vilibaki vimeinama, watu wakisubiri nimalize ili waitikie, na mchungaji akanong'ona endelea, dada, endelea. Nilikaa chini na binti yangu pale mbele ya wote, macho yangu yakiwa bado yamefumba, nikingoja Mungu anijibu.